Nani Anahesabu Mbwa Waliookolewa?

MAKALA MAALUMU

*Malalamiko dhidi ya vituo vya kuokoa mbwa vilivyozidiwa yameibua swali ambalo sheria za nchi nyingi hazijalijibu: ni nani mwenye mamlaka ya kuviambia kwamba vimejaa?*

Kituo cha kuokoa mbwa kinachopokea mbwa 2 kila siku, na ambamo kila mbwa hukaa kwa wastani wa siku 30 kabla ya kupata nyumba mpya, kitakuwa na mbwa 60 mabandani siku yoyote kitakapohesabiwa. Endapo kila mmoja atatengewa dakika 15 tu za kulishwa na kusafishiwa banda, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa nchini Marekani na chama cha kitaifa cha maofisa wa udhibiti wa wanyama, kazi hiyo peke yake itameza saa 15 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Katika saa hizo hamna hata dakika moja ya kumtembeza mbwa, kumpa dawa, kupokea simu, kuandika kumbukumbu au kuzungumza na familia iliyofika kutazama. Wastani wa kukaa ukipanda kutoka siku 30 hadi 90, hata kama mlangoni hakuna mbwa aliyeongezeka, idadi mabandani hufika 180 na saa zinazohitajika hufika 45.

Kituo chenye wafanyakazi watatu na watu wachache wa kujitolea wanaofika mwishoni mwa wiki hakina saa 45 za kutoa. Kinachofuata hujirudia karibu kila mahali: mbwa wawili huwekwa katika banda la mmoja, vizimba vya kusafirishia wanyama hugeuka makazi ya kudumu, chanjo hucheleweshwa, daftari la kumbukumbu huachwa wazi, na mwanzilishi wa kituo, ambaye ndiye aliyeahidi kutomkataa mbwa yeyote, hubaki akifanya kazi usiku na mchana bila kuifikia hali aliyoikusudia.

Malalamiko yanapotolewa, kwa kawaida na watu waliowahi kujitolea hapo, huandikwa kwa lugha ya ukatili, na upande wa pili hujibu kwa lugha ya upendo. Pande zote mbili huweza kuwa zinasema kweli, kwa maana chanzo cha mateso katika vituo vya namna hii mara nyingi ni mtu anayewapenda mbwa kwa dhati, aliyeendelea kuwapokea baada ya saa zake za kazi kwisha na ambaye hakuwa na mtu wa kumzuia.

WAZO LILILOANZA NA KEJELI

Makazi ya mbwa waliopotea yalianza kama jambo la kuchekwa. Mary Tealby alipofungua kituo chake Holloway, kaskazini mwa London, mwaka 1860, gazeti la The Times lilimkejeli kwa kuwahurumia mbwa ilhali watu maskini walijaa mitaani. Majirani walichoshwa na makelele, na mwaka 1871 kituo kikahamia Battersea, ambako kipo hadi leo na ambako kimelipata jina lake.

Ng'ambo ya Atlantiki hali ilikuwa mbaya zaidi. Katika miaka ya 1870 mbwa wa mitaani jijini New York walikuwa wakiingizwa ndani ya kizimba cha chuma na kuzamishwa katika mto East River, wakati Philadelphia wanawake wakiongozwa na Caroline Earle White walikuwa wamekwisha kuanzisha, mwaka 1869, chama kilichoendesha makazi yenye utu zaidi.

Kwa zaidi ya karne moja baada ya hapo, banda lilipojaa jibu lilikuwa moja: mbwa aliyekaa muda uliowekwa bila kudaiwa na mwenyewe aliuawa. Jibu hilo lilianza kukataliwa waziwazi San Francisco mwaka 1994, pale Richard Avanzino, aliyeongoza chama cha ustawi wa wanyama cha jiji hilo, alipofikia makubaliano na idara ya jiji kwamba mbwa au paka yeyote mwenye afya na tabia inayomwezesha kuishi na watu hatauawa kwa kukosa nafasi.

Vuguvugu hilo la kutoua limeokoa maisha ya wanyama wengi mno, na hakuna anayetaka kurudi kwenye kizimba cha mto East River. Hata hivyo, liliuhamisha mzigo. Taasisi za umma zilizobanwa zisiue zilianza kuvitegemea vikundi vidogo vya watu binafsi viwachukue mbwa waliobaki, na vikundi hivyo, ambavyo vingi huendeshwa kutoka sebuleni mwa mtu au kwenye shamba la kukodi, vilirithi hesabu bila kurithi bajeti.

Nchini Uingereza mkondo huo uliongezwa nguvu na mambo matatu yaliyofuatana kwa kasi. Wakati wa janga la Uviko-19 kaya zipatazo milioni 3.2 zilinunua au kuchukua mnyama wa kufugwa. Kisha gharama za maisha zikapanda kuanzia 2022. Na kuanzia tarehe 31 Desemba 2023 ikawa ni kosa katika England na Wales kumuuza au hata kumgawa bure mbwa wa aina ya XL Bully. Kituo kilichokuwa na mbwa wa aina hiyo baada ya tarehe hiyo kilibaki na mnyama ambaye hakiruhusiwi kumpa mtu, na ambaye muda wake wa kukaa, kwa lugha ya hesabu iliyotangulia, hauna kikomo.

> Vikundi vidogo vilirithi hesabu bila kurithi bajeti.

UWEZO WA KUTUNZA

Madaktari wa wanyama waliobobea katika kazi za vituo hivi hutumia dhana ya uwezo wa kutunza, ambayo haina maana sawa na idadi ya mabanda. Uwezo wa kutunza ni idadi ya wanyama ambao kituo kinaweza kuwapa mahitaji yao yote kwa wakati mmoja, ikizingatiwa nafasi, saa za wafanyakazi, ujuzi uliopo, fedha na kasi ya wanyama kutoka. Kituo chenye mabanda 80 na wafanyakazi wanaotosha mbwa 40 tu kina uwezo wa mbwa 40.

Chama cha madaktari wa wanyama wa vituo nchini Marekani kilichapisha mwongozo wake mwaka 2010, kikautoa upya mwaka 2022, na ndani yake kuendesha kituo kupita uwezo wake wa kutunza kumetajwa kuwa jambo lisilokubalika. Kauli hiyo ni nzito, kwa sababu mwongozo huo hutumia maneno hayo kwa mambo machache yanayoonekana kuwa hayana udhuru.

Sababu yake huonekana vizuri zaidi sakafuni. Kirusi cha parvo, kilichoibuka miongoni mwa mbwa duniani mwaka 1978 na ambacho huwaua watoto wa mbwa kwa kuhara damu na kupungukiwa maji, huweza kudumu katika mazingira kwa miezi mingi, hasa ndani ya nyufa za saruji na kwenye udongo. Dawa nyingi za kawaida za kusafishia hazikiui. Dawa ya klorini inayotumika kung'arishia nguo hukiua, lakini kwa masharti: kwanza kinyesi chote kiondolewe na sakafu ioshwe kwa sabuni, kwa maana uchafu huidhoofisha klorini, halafu kipimo kimoja cha dawa kichanganywe na vipimo 32 vya maji na kiachwe sakafuni kwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa.

Utaratibu huo una mpangilio wake pia. Mabanda ya watoto wa mbwa wenye afya husafishwa kwanza, yakifuatiwa na ya mbwa wakubwa, na chumba cha wagonjwa huwa cha mwisho, kwa viatu vingine na ndoo nyingine. Mfanyakazi mwenye mabanda 20 anaweza kuyafuata yote haya. Mwenye mabanda 70 ataburuta ufagio uleule kutoka banda hadi banda, ataimwaga klorini juu ya kinyesi, hatasubiri dakika 10, na kwa kufanya hivyo atausambaza ugonjwa kwa mikono yake mwenyewe huku akiamini kwamba anasafisha. Asiyepata kuona banda lililoingiliwa na parvo anaweza kuziona kanuni hizi kama urasimu, lakini zimeandikwa kutokana na mizoga.

Kelele nazo ni sehemu ya jambo hili. Mbwa anayekaa miezi kadhaa katika banda la saruji, akizungukwa na makumi ya wenzake wanaobweka, huanza kuzunguka mahali pamoja, kujitafuna miguu au kurukia wavu kila apitapo mtu, na familia zinazokuja kutafuta mbwa hupita mbele yake bila kusimama. Kwa namna hiyo msongamano hurefusha muda wa kukaa, na muda wa kukaa huongeza msongamano.

GHALA LA FORKS

Kisa kinachotajwa mara nyingi katika mjadala huu ni cha Forks, mji mdogo wa watu wapatao 3,500 katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Huko kulikuwa na kituo kilichoitwa Olympic Animal Sanctuary, kilichojitwika kazi ambayo wengine waliikimbia, yaani kuwapokea mbwa waliowahi kung'ata watu au waliohukumiwa kuwa hatari, na kuwaahidi mahali pa kuishi hadi mwisho wa maisha yao.

Ahadi hiyo iliwagusa watu wengi. Magazeti yalikisifu, michango ilitumwa kutoka mbali, na vituo vya majimbo mengine, vikiwa na mbwa ambao havikuweza kuwagawa wala havikutaka kuwaua, vilifarijika kupata mahali pa kuwapeleka. Kwa vingi vya vituo hivyo, kumpeleka mbwa Forks kulikuwa ndio mwisho wa habari zake.

Mbwa hao waliishi ndani ya ghala. Picha zilizopigwa na polisi wa mji huo mwaka 2012, na baadaye kusambazwa hadharani, zilionyesha mbwa wakiwa ndani ya vizimba katika mazingira machafu, na watu waliowahi kujitolea hapo walijitokeza kueleza waliyoyaona. Zaidi ya mwaka ulipita. Mwishoni mwa 2013 waandamanaji walikusanyika nje ya ghala, na mwezi Desemba mwanzilishi aliwapakia mbwa 124 ndani ya lori na kuwasafirisha hadi Arizona, ambako katika mkesha wa Krismasi aliwakabidhi kwa kundi la uokoaji lenye makao yake New York.

Swali la kwa nini mamlaka zilichelewa haliwezi kujibiwa kwa kulaumu uzembe pekee. Mji wa watu 3,500 uliokuwa na kikosi kidogo cha polisi ungewapeleka wapi mbwa 124, ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kukataliwa kila mahali kwa sababu ya ukali? Kukifunga kituo kulimaanisha ama kuwapata walezi wasiokuwepo ama kuwaua wanyama ambao umma ulikuwa umechanga fedha ili waishi, na hakuna ofisa aliyekuwa na bajeti ya chaguo la kwanza wala ujasiri wa chaguo la pili.

Mwaka uleule ambao picha za Forks zilipigwa, mnamo Julai 2012, karibu mbwa 300 waliondolewa katika kituo kingine kilichokuwa karibu na mji wa Willis, Texas, ambacho kilijulikana kwa kupokea mbwa wa jamii ya pit bull. Baadhi ya mbwa hao walikuwa wamepelekwa hapo na vikundi vingine vya uokoaji pamoja na watu binafsi waliolipa ada kwa imani kwamba wanyama wao wangetunzwa na kufundishwa. Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu linaonyesha kwamba kituo kinachozama hakijijazi chenyewe: hujazwa na wenzake, ambao kila mmoja, kwa kumkabidhi mbwa wake mmoja, hujiona ameokoa.

> Kumpeleka mbwa Forks kulikuwa ndio mwisho wa habari zake.

MWOKOAJI ASIYEWEZA KUKATAA

Mwaka 1999 mtafiti na daktari wa wanyama Gary Patronek, wa Chuo Kikuu cha Tufts huko Massachusetts, aliandika makala iliyoipa hali hii tafsiri ya kitaalamu. Ulimbikizaji wa wanyama, kwa mujibu wa tafsiri hiyo, ni hali ya mtu kukusanya wanyama wengi, kushindwa kuwapa lishe, usafi na matibabu ya kiwango cha chini kabisa, na kutochukua hatua pale hali ya wanyama na ya makazi inapozidi kuharibika.

Wenzake waliounda naye kundi la utafiti waliendelea kutofautisha aina za watu wanaofikia hali hiyo. Yupo mlezi aliyezidiwa, ambaye alikuwa akimudu hadi alipopatwa na ugonjwa, msiba au ukosefu wa fedha, na ambaye kwa kawaida hukubali msaada. Yupo mwokoaji mlimbikizaji, anayeongozwa na hofu ya kifo cha wanyama na imani kwamba hakuna mwingine awezaye kuwatunza kama yeye. Yupo pia mnyonyaji, anayewatumia wanyama kwa faida yake bila huruma yoyote. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 umeutaja ulimbikizaji wa wanyama ndani ya ugonjwa mpana wa kulimbikiza vitu.

Tofauti hizo si za darasani. Mlezi aliyezidiwa akivamiwa na polisi na kuanikwa magazetini kama mhalifu, anaumizwa bila sababu, ilhali mnyonyaji akipewa chakula cha mbwa cha msaada na muda wa kujirekebisha, muda huo hulipwa na mbwa. Mwokoaji mlimbikizaji ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu anajieleza vizuri, ana wafuasi, na kila shutuma huichukua kama ushahidi kwamba anaandamwa kwa kuwapenda wanyama.

Dalili zinazowatahadharisha wataalamu zinafahamika: kituo kisichoruhusu wageni kuona sehemu zote wanamokaa wanyama, mwendeshaji asiyekuwa tayari kutaja idadi ya mbwa alionao, juhudi ndogo za kuwatafutia nyumba, na upokeaji usiosimama hata hali ikiwa mbaya. Kati ya hizo, kukataa kutaja idadi ndiyo dalili ambayo mfadhili yeyote anaweza kuipima kwa simu moja.

Lipo na jambo la wafanyakazi wenyewe. Wanasaikolojia hutumia neno uchovu wa huruma kueleza hali ya mtu ambaye, kwa kuhudumia wanaoteseka mfululizo, hufikia mahali moyo wake hauitikii tena. Mtu wa kujitolea aliyefikia hapo hapigi kelele. Huacha tu kuja, na saa zake humwangukia aliyebaki.

LESENI AU HIARI

Katika England mtu yeyote anaweza kuamka leo na kutangaza kwamba ameanzisha kituo cha kuokoa mbwa. Mfanyabiashara anayeuza wanyama lazima awe na leseni ya halmashauri, vivyo hivyo mwenye nyumba ya kuwalaza mbwa wa watu waliosafiri. Lakini anayewapokea mbwa waliotelekezwa na kuwagawa kwa ada hahitaji leseni ya aina hiyo. Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006, inayomtaka kila mwenye dhamana ya mnyama ampatie mazingira yanayofaa, lishe, nafasi ya kuonyesha tabia zake za asili, kukaa na wenzake au mbali nao kadiri ya hali yake, na kinga dhidi ya maumivu na maradhi. Kasoro yake ni kwamba, pasipo ukaguzi wa kawaida, mtu wa kwanza kugundua kwamba imevunjwa huwa ni jirani aliyesikia harufu.

Scotland ilichagua njia nyingine. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 vituo vya uokoaji na vya kuwatafutia wanyama nyumba huko vinatakiwa kuwa na leseni na kukaguliwa na halmashauri za maeneo yao. Mashirika makubwa ya ustawi wa wanyama ya England, yakiwemo RSPCA na Dogs Trust, yamekuwa yakitaka utaratibu unaofanana na huo, na kauli yao ilipata uzito zaidi mwezi Mei 2025, polisi wa kaunti ya Essex walipokuta mizoga ya mbwa zaidi ya 30 katika nyumba iliyohusishwa na kituo cha uokoaji.

Wanaopinga si watu wa kupuuzwa. Wengi ni waendeshaji wa vikundi vidogo visivyo na jengo lolote, ambavyo huwaweka mbwa kwa walezi wa muda, yaani familia zinazokaa na mbwa nyumbani kwao hadi apate mwenyewe. Wao huuliza ofisa wa halmashauri atakagua nini: sebule 30 za watu 30? Husema pia kwamba ada na viwango vya majengo vilivyobuniwa kwa ajili ya mashirika makubwa vitawafunga wale wanaofanya kazi vizuri kwa fedha kidogo, huku walimbikizaji, ambao hawakuwahi kuheshimu kanuni yoyote, wakijificha zaidi.

Hoja ya walezi wa muda ina nguvu, na sheria nzuri haina budi kuizingatia, kwa maana mlezi wa muda ndiye dawa bora ya msongamano iliyopata kubuniwa. Hoja ya kujificha ni dhaifu zaidi. Kituo kinachoishi kwa michango ya umma hakiwezi kujificha kabisa, kwa sababu lazima kijitangaze ili kichangiwe, na mfadhili akijua kwamba ipo leseni ya kuulizia ataiulizia.

Suala la afya ya umma nalo limeingia katika mizani. Vikundi vingi vya Uingereza huwaleta mbwa kutoka Romania na nchi nyingine za Ulaya Mashariki, na pamoja nao umeingia ugonjwa wa bakteria wa Brucella canis, ambao huharibu mimba za mbwa na ni mgumu kutibika kabisa. Mwaka 2022 mtu wa kwanza nchini humo alithibitika kuambukizwa na mbwa aliyeletwa kutoka nje.

TAKWIMU ISIYOSEMA YOTE

Vituo hupenda kutangaza kiwango cha wanyama waliotoka hai, ambacho ni sehemu ya wanyama wote walioondoka wakiwa wazima, ikilinganishwa na waliouawa au kufa. Asilimia 90 imekubalika na wengi kuwa ndiyo alama ya kituo kisichoua.

Kipimo hicho kina shimo kubwa. Kinawahesabu walioondoka tu. Mbwa aliyeingia miaka minne iliyopita na ambaye bado yumo ndani ya kizimba hayumo upande wowote wa hesabu, na kituo kisichomtoa mbwa hata mmoja kinaweza kujigamba kwamba hakijaua. Ndiyo maana kila tangazo la asilimia linapaswa kuandamana na takwimu mbili ambazo huchapishwa kwa nadra, yaani wastani wa siku za kukaa na idadi ya mbwa waliomo leo. Michango huletwa na picha ya mbwa mwenye mbavu zilizotokeza. Hakuna anayechanga kwa sababu ya jedwali. Pamoja na hayo, jedwali ndilo linaloonyesha kama mbwa yule wa pichani alipata mwisho mwema.

> Mbwa aliyeingia miaka minne iliyopita na bado yumo kizimbani hayumo upande wowote wa hesabu.

Serikali nazo huweza kuingia katika mtego uleule wa kupokea mbwa kupita uwezo. Bunge la Uturuki lilipopitisha mwishoni mwa Julai 2024 sheria inayozitaka manispaa kuwakusanya mbwa wa mitaani na kuwaweka vituoni, serikali yenyewe ilikadiria kuwepo kwa mbwa wapatao milioni 4, wakati vituo 322 vilivyokuwepo vilikuwa na nafasi 105,000. Manispaa zilipewa hadi mwisho wa 2028 kujenga vingine. Wapinzani wa sheria hiyo walihofu kwamba pengo hilo lingezibwa kwa kuua, na hofu hiyo ilitokana na tarakimu za serikali yenyewe.

NAIROBI, MOMBASA, DAR ES SALAAM

Afrika Mashariki inaugusa mjadala huu kwa njia yake. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Vyama vya hiari vya ulinzi wa wanyama, ambavyo kile cha Kenya, KSPCA, kina mizizi katika enzi za ukoloni wa Kiingereza, hufanya kazi inayoangukia mikononi mwao kwa sababu hakuna mwingine wa kuifanya.

Hapa hesabu ya siku za kukaa hubanwa na mambo mawili ambayo London haiyajui. La kwanza ni kichaa cha mbwa, ambacho huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote barani Afrika na Asia, na ambacho takriban asilimia 99 ya maambukizi yake kwa binadamu hutokana na mbwa. Mbwa aliyemng'ata mtu hutakiwa kuangaliwa kwa siku 10, na kila mbwa koko asiyejulikana historia yake anahitaji banda la peke yake kwa muda, kiasi kwamba kituo cha mabanda 40 hakiwezi hata siku moja kuyatumia yote 40.

La pili ni mahali pa mbwa katika nyumba. Familia nyingi humtaka mbwa kwa ulinzi, akae nje, awe mkubwa na mkali, ilhali vituo hujaa majike na watoto wao. Pwani, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi inayotakiwa kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kwa hiyo mbwa wa ndani ya nyumba si jambo la kutarajiwa. Hilo halimaanishi kutokuwepo kwa huruma, kwani simulizi ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake inafahamika vizuri misikitini. Linamaanisha tu kwamba kituo cha Mombasa kikijipangia kazi kwa kuiga mfano wa Battersea, kwa kutegemea nyumba mpya, kitajaa mapema. Kufunga uzazi na kuchanja mbwa wakiwa mitaani kwao, kwa lengo linalotambuliwa kimataifa la kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote, kunawafikia mbwa wengi zaidi kwa fedha ileile.

MLANGONI

Wataalamu wanaoshughulika na vituo vilivyozidiwa wanakubaliana kuhusu hatua za mwanzo. Upokeaji husimamishwa siku hiyohiyo. Madume hutengwa na majike hadi wote wafungwe uzazi. Daktari huwakagua mbwa wote na kumwandikia kila mmoja kadi yake. Kisha wale wanaoweza kuondoka haraka hutolewa kwanza, kwa kuwa kila anayetoka huwaachia wengine dakika 15. Hatua hizi hazihitaji kesi, zinahitaji mwendeshaji anayekubali na mtu wa nje mwenye ruhusa ya kuingia.

Ruhusa hiyo ndiyo inayokosekana. Mkaguzi wa RSPCA anayefika kwenye lango la kituo katika England, hata akiwa na picha na maelezo ya mashahidi, hana mamlaka ya kisheria ya kuingia akikataliwa. Humlazimu kuwaita polisi, ambao nao huwa na mambo mengine ya siku hiyo. Mwenzake wa Scottish SPCA, aliyeidhinishwa na serikali ya Scotland, anayo mamlaka hayo. Kabla bunge la London halijaamua ada ya leseni iwe kiasi gani, linapaswa kuamua ni nani atakayepewa mamlaka ya kuingia, na ni fungu gani la fedha litakalowalipia mbwa atakaowakuta huko ndani usiku wa kwanza baada ya kuondolewa.